Akina Baba Kumi na Wanane

Mwalimu alisimama mbele ya meza yangu pale Musoma, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa koti, akasema, "Habari za kazi, dada. Nimekuja kuonyesha kwamba nipo."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana watu walikuwa wakiingia ofisini kwetu na utani wa kila aina tangu kompyuta ifike. Yeye hakucheka. Alinyoosha barua juu ya meza, akaikunjua kwa vidole gumba vyote viwili. Ilisema kwamba baada ya uhakiki, jina lake limeonekana si la mtu halisi, na kwamba ameondolewa kwenye orodha ya walimu wa mkoa mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Alikuwa ameipokea darasani, huko Butiama, katikati ya kipindi cha hesabu, mbele ya watoto wa darasa la tano.

Barua ile niliijua. Niliiandika mimi, moja, na kompyuta ikabadilisha majina tu, zikatoka kumi na nane. Kicheko kikanikauka.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi. Kabla yake tulikuwa tumepanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya kanga, mpaka watu wakawa wanaweka jiwe kwenye foleni na kurudi nyumbani kupika. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, sabuni zikajaa madukani, na foleni ikahamia kwenye kazi. Kila ofisi ilitakiwa ionyeshe nani wa kubaki na nani wa kwenda, na kabla ya wote, waondolewe wafanyakazi hewa, wale walioandikwa kwenye karatasi lakini hawajawahi kuonekana na macho ya mtu.

Wafadhili walituletea kompyuta moja na mashine ya kuchapa. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam miezi mitatu kujifunza, kwa sababu tu nilikuwa mpiga chapa mwenye kasi kuliko wenzangu. Nilirudi najiona mtu. Nilitembea kutoka Bweri hadi ofisini nimebeba diski kwenye mkoba kama mtu aliyebeba mayai.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote nilivyofundishwa ni ruwaza. Unapotaka kompyuta ikutafutie maneno ndani ya orodha ndefu, si lazima uipe neno kamili. Unaipa umbo lake: lianze na herufi hizi, katikati liwe na chochote, liishie hivi. Umbo lote unaliandika kwa mstari mmoja wa nukta, nyota na mabano. Mstari wenyewe una raha ya ajabu unapouandika, na ukiusoma kesho yake hata wewe mwenyewe huuelewi. Mwalimu wetu kule Dar alituonya kuhusu hilo. Sikumsikiliza, nilikuwa bize kujipongeza.

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze lote. Muda mfupi kabla, karani mmoja wa wilaya, sisemi ipi, alikamatwa kwa kubuni walimu. Kwa uvivu alichukua majina ya dada zake na mashangazi akayapachika ovyo ovyo, na aligunduliwa kwa sababu baba wa mmoja wa walimu wake hewa alikuwa na jina la mwanamke. Ofisi nzima ilicheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mkuu wangu wa kitengo nikasema, "Mzee, tutafute akina baba wote wenye majina ya kike. Tutawanasa wote siku moja." Hakuna aliyenituma. Wazo lilikuwa langu.

Mkuu wangu alikuwa mzaliwa wa vijiji vya ziwani kama mimi, mtu mpole, amekulia kwenye mitumbwi. Akasema, "Tafuta basi, tuone."

Kwetu Mara majina mengi ya kike yanaanza na Nya. Nikaandika ruwaza: ruka neno la kwanza, ruka nafasi, halafu Nya, halafu chochote. Ikaleta mamia ya mistari. Nilikuwa nimesahau kwamba wanaume wengi wa Mara nao wanaanza na Nya, na baadhi yao walikuwa wazee wa kanisa langu mwenyewe. Mzee akaichukua ile karatasi, akaipitisha mbele ya macho, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii yako kokoro hii," akasema, akimaanisha wavu ule wa kukokota. "Inabebaga mpaka vifaranga vya sato."

Nikaanza kuitengeneza. Nikaongeza mabano ya kuwatoa hawa, nyota ya kuwaingiza wale. Orodha yenyewe ilikuwa imepigwa na watu tofauti kwa miaka mingi: huyu kaweka nafasi mbili kati ya majina, yule kaanza na neno Mwalimu, mwingine kaandika jina la ukoo mbele na mkato. Kila nilipoziba tundu huku, lilifumuka kule. Siku moja nilikosea nukta moja tu, ruwaza ikawakamata walimu wote wa mkoa, na mashine ikaanza kutema karatasi, ikatema, ikatema, mpaka mzee akaja mbio akachomoa waya ukutani. Karatasi zilikuwa adimu kuliko mafuta ya taa.

Basi nikaitupa ruwaza. Niliona aibu, lakini nikaitupa, na hapo ndipo nilipoandika kitu ambacho mpaka leo naamini kilikuwa kizuri. Niliiambia kompyuta mambo madogo madogo, moja baada ya jingine, kwa maneno ambayo hata mzee aliweza kuyasoma. Chukua mstari. Ondoa vyeo. Ukate kila penye nafasi, kama mama anavyokata sangara sokoni. Vikipatikana vipande vitatu, cha kwanza ni jina lake, cha pili ni la baba, cha tatu ni la babu. Vikizidi au vikipungua, usibahatishe, weka pembeni nikaangalie mwenyewe. Halafu chukua kipande cha pili, nenda kakitafute kwenye jedwali, uone kama ni jina la kike au la kiume.

Jedwali nililitengeneza mimi. Nilinunua daftari la shule, nikaandika kila jina la pili lililokuwemo kwenye orodha, nikaenda kwa wanawake. Nilienda kwa wanakwaya wenzangu, nikaenda kwa mama wauza dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wa Kijita, wa Kikwaya, wa Kizanaki, wa Kikurya, wa Kijaluo. Nilikuwa nasoma jina, wao wanajibu huku wakianika dagaa. "La kike hilo." "La kiume." "Hilo kwa Wakwaya la kiume, kule Butiama la kike, andika kijiji chake." Niliandika na kijiji. Mtaalamu wa Dar asingeweza kufanya kazi ile hata angekaa mwaka. Ilihitaji mtu wa hapa, na nilijisifu kwa hilo.

Programu ilipomaliza, ilitoa mistari kumi na minane. Niliipitia mmoja mmoja. Hapakuwa na baba hata mmoja mwenye jina la kiume aliyenaswa kwa bahati mbaya. Mzee akanipa mkono, akasema, "Sasa hii ndoana." Kisha barua zikaenda.

Na sasa mmoja wa wale kumi na wanane alikuwa amesimama mbele yangu na chaki kwenye koti.

Mzee alimkaribisha kiti. Akamwambia kwa upole, "Mwalimu, wewe tunakuona, upo. Shida siyo wewe. Shida ni baba yako."

Mwalimu alitutazama wote wawili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, ameshazoea kuuliza maswali, si kuulizwa. Akasema, "Baba yangu naye yupo. Njooni mumwone."

Gari la idara lilipata mafuta Jumanne, nikapanda na mwalimu, nikiwa na fomu ya uthibitisho kwenye jalada. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa mzee mmoja wa Kizanaki, mkali, mwenye jina la ajabu, atakayenigombeza kwa kumfananisha na mwanamke. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kuomba radhi. Tulipita Makutano, tukaacha lami, tukafika kwenye boma lenye ng'ombe wachache na nyumba ya bati. Mlangoni alikaa bibi mzee sana anachambua ulezi kwenye ungo. Nyuma yake, jikoni, mwanamke mwingine mtu mzima alikuwa anachochea moto.

Nikamwamkia bibi. Akaitikia. Nikamuuliza mwalimu, "Baba yuko wapi?"

"Ndiye huyo umemwamkia," akasema. "Nyumbani tunamwita bibi. Ila baba yangu ndiye huyo."

Sijui niseme nilihisi nini. Nilishtuka hadi nikakaa chini bila kukaribishwa, juu ya jalada langu. Bibi aliweka ungo pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha.

"Mimi mtoto sikupata," akasema. "Mume wangu alikufaga mapema, akaniachia ng'ombe. Nyumba ina ng'ombe, haina mtu. Itazimika? Nikatoa ng'ombe, nikaoa huyu." Akaelekeza kidevu jikoni. "Mwanaume wa kuzaa naye alijitafutia, hiyo siyo kazi yangu. Mtoto akizaliwa ni wa nyumba yangu. Jina nikampa langu, linalofuata la mume wangu. Huyu nimemsomesha kwa maziwa. Sasa nasikia serikali inasema hana baba. Ng'ombe alitoa nani?"

Yule mwanamke wa jikoni alitoka, akajifuta mikono, akasimama nyuma ya bibi kama mke anavyosimama. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Nyumba ntobhu. Jina lake nilikuwa nalijua, na hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa sijui ningejisamehe. Nilipokuwa mtoto kule ziwani nilimsikia mama akisema watu wa ng'ombe wana mambo yao, mwanamke anaoa mwanamke, na mwinjilisti wetu aliitaja kanisani kama kitu cha zamani kilichokwisha siku nyingi. Kule Bunda nilikosoma, wapo wasichana waliotaniwa kwa hilo mpaka wakalia. Nilijua. Lakini nilipochora jedwali langu niliweka safu mbili, kike na kiume, na kila nilichokuwa nakijua kuhusu watu wa kwetu kikabaki nje ya daftari. Wanawake wa mwaloni hawakukosea hata jina moja. Niliwauliza swali dogo, wakanijibu swali dogo.

Niliporudi Musoma sikula. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaifungua programu. Haikuhitaji mengi: jina likiwa la kike, isilipige alama ya uongo, ilipeleke kwenye karatasi ya pembeni, mtu akaulizwe kwanza. Na nikaongeza kipande cha nne, mahali pa kuandika anayetambuliwa kuwa baba kwa mila. Nilifanya kazi ile siku moja. Nikampelekea mzee, nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Naye alikuwa ameshtuka, ilionekana, kwa sababu alivua miwani na hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "ya kwako nzuri. Lakini kule makao makuu kompyuta yao inapokea vipande vitatu. Ukipeleka cha nne inautema mstari wote. Na wameshaandika kwamba cha pili kiwe cha mwanaume. Orodha inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mstari wenye kasoro Ijumaa ndiyo umefutwa, hakuna kurudi."

"Kwa hiyo tufanyeje, mzee?"

"Waambie waandike aliyewazaa. Kila mtu ana aliyemzaa."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nani alikuwa amemletea wazo?

Siku zilizofuata wengine wakaanza kufika. Habari zilikuwa zimetembea haraka kuliko barua. Mmoja alitoka Kisorya, wengine vijiji vya Bunda, wengine kule bara kwa wafugaji. Karibu kila mmoja alikuwa na hadithi ya boma lake, wengine nyumba ntobhu, wawili walilelewa na shangazi wakapewa jina lake, mmoja alipewa jina la bibi aliyemwokoa siku ya kuzaliwa. Kati ya kumi na wanane hapakuwa na hewa hata mmoja. Wote walikuwa watu, wana viatu vyenye vumbi, wana chaki. Na kila mmoja alikuja na hati ya kiapo mkononi, ndani yake jina jipya la baba, la kiume. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kumbe walikuwa wapole, wananisalimia, wananiuliza kama yanatosha. Upole wao ndio ulionitisha. Jumatano jioni ya wiki iliyofuata walikuwa wamebadilisha kumi na saba.

Mwalimu wa Butiama hakuja mpaka Alhamisi, na alikuja kukataa. Alikuja na bibi. Alikuwa amempakia kwenye gari la mnadani, kati ya ndama, kwa sababu bibi alisema lazima aje kujionea mwenyewe.

"Siandiki," mwalimu akasema kabla hajakaa. "Huyo mwanaume wa Bunda aliyenizaa mimi nimemwona mara mbili maishani. Mara ya pili aliniomba sigara. Siandiki."

Mzee akamwambia, "Mwalimu, una watoto wanne."

"Najua watoto wangu."

"Kesho saa nne asubuhi orodha inaondoka."

"Iondoke!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti, anageuza kichwa kila anapoongea mtu. Akamuuliza mwalimu kitu kwa Kizanaki, mwalimu akamjibu kwa kifupi. Akauliza tena. Safari hii mwalimu alieleza kirefu, na nilimwona akionyesha kompyuta, kisha akinionyesha mimi. Bibi alifuata kidole chake kwa macho. Halafu akageuka upande wangu.

"Asipoandika, hafundishi?"

"Hafundishi, bibi."

"Akiandika huyo mwanaume, anafundisha?"

"Ndiyo."

"Andika."

Mwalimu akasimama. "Bibi, hapana."

Akamkatiza kwa lugha yao, sentensi moja tu, na mwalimu yule, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akakaa chini kama mwanafunzi wake. Sikuelewa maneno. Nilielewa kwamba aliyeongea ni baba.

"Andika," bibi akaniambia tena.

Nikamuuliza mwalimu jina la yule mwanaume. Alilitamka akiangalia dirisha. Nikautafuta mstari wake, nikaenda kwenye kipande cha pili, nikafuta jina la bibi herufi moja moja, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kulifuta lote kwa pamoja, nikaandika la mwanaume. Kompyuta ya wakati ule haikutunza ya zamani. Ukishaandika juu, la kwanza limekwisha. Nikaiendesha programu yangu nzuri juu ya orodha nzima, nikasubiri. Haikutoa mstari hata mmoja. Mzee akashusha pumzi, akasema, "Bwana asifiwe," na nilijua ameisema kwa moyo.

Mwalimu alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Bibi akainuka. Alikuja polepole na fimbo yake, akazunguka meza, akasimama ubavuni kwangu, akaikaribia kompyuta mpaka uso wake ukaonekana kwenye kioo. Alinuka moshi na maziwa. Alitazama zile herufi za kijani kwa muda mrefu. Hakujua kusoma, wala hakujifanya anajua.

"Sasa mimi," akasema, "umeniweka wapi?"

Nikamwangalia mzee, akainamisha kichwa. Nikamwangalia mwalimu. Alikuwa ameshusha mikono, anatutazama.

"Upo, bibi," nikasema.

"Nionyeshe."

Nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la yule mwanaume, nikasema, "Hapa." Mwalimu alisoma pale nilipoonyesha, akanyamaza. Bibi akaleta kidole chake, akapagusa, akatabasamu.